Muziki wa chinichini kwenye websaiti: kwako unaimba, kwa mteja kimya. Njooni tulimalize hapa

FundiKurasa (mwanzisha uzi)

Habari za mchana wakuu. Hili swali naliona humu kila baada ya wiki mbili tatu, mtu anasema nimeweka muziki kwenye websaiti hauimbi, anajibiwa juu juu "weka autoplay", yaani muziki ujianzishe wenyewe, anashukuru anaondoka, kesho yake karudi na tatizo lile lile. Mwezi uliopita limenikuta na mimi na limenila siku tatu nzima, kwa hiyo naandika yote ninayoyajua, mwenye nyongeza aongeze.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba nane, juu kabisa kuna baraza la kunywea chai unaona bahari. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima na anajua anachotaka. Akaniambia, mwanangu, mtu akifungua ukurasa wangu nataka asikie ganuni kabla hajasoma neno hata moja. Nikaona wazo zuri na mpaka leo naliona zuri, maana picha za vyumba kila mtu anazo, shuka nyeupe na neti, lakini ile sauti ya nyuzi jioni pale juu huwezi kuipiga picha.

Nikaweka tegi ya audio, nikaweka autoplay, nikaweka loop ili wimbo ukiisha urudie. Nilishinda nayo laptopuni hapa Sinza siku mbili tatu najaribu nyimbo moja baada ya nyingine, zote zinaimba safi. Nikamtumia linki. Haikupita dakika tano, simu.

"Mwanangu, mbona bubu?"

Nikamwambia mama ongeza sauti kidogo.

"Sauti iko juu, hapa nimetoka kusikiliza redio kwa simu hii hii. Wako ndo hauimbi."

Siku ya kwanza nikadhani ni hosti, nikahamisha faili, nikabadili jina, nikatoa nafasi kwenye jina la faili. Siku ya pili nikadhani ni simu yake, nikaomba ya jirani, kimya, iPhone ya shemeji, kimya. Laptopu yangu peke yake ndo inaimba. Siku ya tatu ndo nikakaa chini nikasoma.

Ipo hivi. Chrome kuanzia toleo la 66 lililotoka Aprili 2018 haikubali ukurasa utoe sauti mpaka mtu mwenyewe awe amebonyeza kitu. Safari ya kwenye Mac ilishatangulia mwaka 2017 na toleo la 11, Firefox ikafuata Machi 2019, nayo toleo lake lilikuwa la 66, zimegongana namba tu msichanganye. Na iPhone tangu zamani haijawahi kuruhusu audio ianze yenyewe. Kwa hiyo ile autoplay unayoiandika inasomwa, inaeleweka, halafu inakataliwa. Ukifungua konsoli, pale brauza inapoandika makosa ya ukurasa, utaona kosa linaitwa NotAllowedError, maana yake hujaruhusiwa, hakuna kilichoharibika.

Sasa kwa nini kwangu iliimba? Chrome ya kwenye kompyuta ina daftari. Kila websaiti inaandikiwa umewahi kucheza media pale mara ngapi, kwa zaidi ya sekunde 7, sauti ikiwa imewashwa na tabu ikiwa mbele yako. Ikishafika alama fulani, websaiti hiyo inaruhusiwa kuimba yenyewe kwenye kompyuta hiyo tu. Andika chrome://media-engagement pale juu kwenye anwani uone alama zako. Mimi fundi nilikuwa nimeijazia alama kwa kujaribu kutwa, mgeni anayekuja mara ya kwanza hana hata moja. Yaani unayetengeneza ndo mtu wa mwisho kuliona tatizo! Ukitaka kuona anachokiona mgeni, tumia simu ambayo haijawahi kufungua ukurasa huo.

Nikampigia mama nikamweleza. Hakupenda. Nikamwambia nipe siku moja. Nikatoa autoplay, nikaweka kitufe cha duara chenye picha ya ganuni, kimekaa pale pale juu ya picha ya baraza, hakijafichwa chini. Ukibonyeza muziki unaanza polepole, ukibonyeza tena unanyamaza. Nikamtumia. Akabonyeza, akakaa kimya, halafu nikamsikia anaufuatisha kwa mdomo. Akasema "muache hivyo hivyo."

Msimamo wangu baada ya yote haya: muziki kwenye websaiti uwepo, tena uwe mzuri, ila aubonyeze mgeni mwenyewe. Fikiria yule aliyefungua ukurasa wako ndani ya daladala, au kwenye kikao, au kitandani na mtoto kalala pembeni. Au alikuwa anasikiliza kaswida yake kwenye simu, ukurasa wako ukianza kulia simu inamkatia ya kwake. Huyo hakuchukii kwa sababu ganuni ni mbaya, anafunga tu na hatarudi.

Vitu vingine vya kuangalia. Weka preload="none", vinginevyo brauza inaweza kuanza kuvuta faili hata kwa mtu ambaye hatabonyeza kabisa, na bando ni lake. Akihamia tabu nyingine au akizima kioo, usimamishe muziki, kuna tukio linaitwa visibilitychange linakupa taarifa. Na kwenye iPhone usihangaike kupunguza sauti kwa kodi (code) ya ukurasa, ile volume ukiandika 0.2 haifuatwi, inabaki pale alipoiweka mwenye simu, kwa hiyo sauti ipunguze ndani ya faili lenyewe kabla hujapandisha.

Naomba kuwasilisha.


ChapChapTz

Mkuu mbona umezunguka mbali. Kuna njia za mkato, weka muziki uanze pale mgeni anapogusa popote kwenye kioo, lazima tu ataskroli au atabonyeza menyu, hapo hapo unaingia. Au chukua video ya YouTube uiweke iwe pikseli moja isionekane, inaimba na hosti yako haijazi. Nimewafanyia wateja kama wanne hivi na hakuna aliyelalamika


FundiKurasa

Mkuu nakuelewa kabisa, nami nilipitia huko. Kuskroli hakuhesabiki, brauza inataka mguso kamili wa kubonyeza na kuachia, au kitufe cha kibodi. Kwa hiyo muziki wako unakuja kuanza pale mtu anapobonyeza "bei za vyumba". Yeye kaomba bei, unampa wimbo. Anatafuta pa kuuzimia hapaoni.

Ya YouTube iache kabisa. Masharti yao yanataka kicheza chao kionekane, kisipungue pikseli 200 kwa 200, na hayaruhusu kutenganisha sauti na picha. Halafu mgeni anavuta video nzima kwa bando lake ilhali anasikia sauti tu, na siku tangazo likitangulia, ukurasa wa nyumba ya wageni unaanza kuuza sabuni.


MzeeWaMidi

Vijana mmenikumbusha mbali sana. Sisi tulioanza miaka ya tisini mwishoni kwenye internet cafe, muziki kwenye ukurasa ndo ulikuwa fahari ya mtu. Kulikuwa na tegi ya Internet Explorer inaitwa bgsound, unaandika mstari mmoja tu na inaimba bila kumuuliza mtu. Netscape haikuijua, huko ilibidi utumie embed, kwa hiyo mtu anaweka zote mbili. Faili lilikuwa la MIDI, na nataka vijana mlielewe hili maana ni jambo zuri: MIDI haina sauti ndani yake. Ina maelekezo tu, piga noti hii kwa nguvu hii kwa muda huu, kompyuta ndo inapiga kwa ala zake yenyewe. Ndo maana wimbo mzima ulikuwa kilobaiti ishirini au thelathini na uliweza kushuka hata kwa modemu ya simu ya mezani. Na ndo maana wimbo mmoja ulisikika tofauti kila mashine, fidla ya mashine hii kwenye mashine ile inakuwa kama filimbi.

Ila kero nayo ilikuwepo. Cafe ina mashine kumi, watu watatu wamefungua kurasa za GeoCities, ile websaiti ambayo kila mtu alijitengenezea ukurasa wake, nyimbo tatu zinagongana, mwenye cafe anapita anachomoa spika. GeoCities yenyewe Yahoo waliifunga Oktoba 2009. Baadaye ikaja Flash, kila hoteli ina ukurasa wa kuingilia wenye mlango unafunguka na muziki, nayo Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Kwa hiyo hizi brauza mnazozilaumu zilisikia vilio vya miaka ishirini.


PwaniKibokoni

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa. Nna websaiti ya mkahawa wetu, biriani na mahamri, nshaweka muziki na nshaweka batani kama alivyosema FundiKurasa, ila wateja wasema ukurasa wala bundles vibaya na ukibonyeza wangoja sana ndio usikie kitu. Wimbo ni wa dakika 3 na sekunde 48, nliupata moja kwa moja kutoka studio kwa kijana aliyetupigia. Tatizo laweza kuwa nini?


FundiKurasa

Kaka, angalia mwisho wa jina la faili. Kama ni .wav hilo ndo tatizo, studio wanakupa sauti ghafi. Piga hesabu: WAV ya kiwango cha CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa dakika 3 na sekunde 48 ni kama MB 40. Mtu kaja kuangalia menyu ya biriani kavuta MB 40.

Ligeuze liwe MP3. Kwa kilobiti 128 wimbo huo huo unashuka mpaka MB 3.6 hivi. Lakini huu ni muziki wa chinichini, mtu anausikia kwa spika ya simu huku anasoma, fanya mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili, kilobiti 64, utapata kama MB 1.8. Tumia Audacity, ni ya bure. Ukishageuza sikiliza kwa simu ya kawaida, sio kwa hedifoni zako nzuri, kama hukuona tofauti basi hata mteja hataiona. Na usilifute lile WAV, lihifadhi, siku ukitaka kukata upya ukatie pale.


PwaniKibokoni

Nshaangalia, ni WAV kweli, MB 40 kasoro. Ahsante sana, niende nikaifanye.


NyuziZaDarajani

Mimi nipo upande wa pili, napiga udi na nai kwenye kikundi hapa Unguja, sijui kutengeneza websaiti ila najua zinazoweka muziki wetu. Niseme la moyoni. Nimeshafungua ukurasa wa watu nisiowajua kabisa nikasikia vidole vyangu mwenyewe. Wimbo tuliurekodi usiku kucha, mtu kauchukua WhatsApp kauweka kwenye ukurasa wa kuuza safari za dolfini. Hakuuliza, hakuandika hata jina la kikundi.

Ndugu FundiKurasa ile ganuni ya kwenye nyumba ya wageni uliipata wapi? Nauliza kwa nia njema.


FundiKurasa

Swali la haki kabisa na nilipaswa kuliandika pale juu. Nilipokuwa najaribu nilitumia vipande nilivyonavyo kwenye laptopu, lakini kilichopanda kwa mgeni ni kipya. Mama alimuita mpigaji anayemjua, akapigia pale pale barazani asubuhi kabla wageni hawajaamka, dakika tatu na kitu, tukarekodi kwa maiki ndogo. Ukisikiliza vizuri kuna kunguru anasikika katikati, tukamuacha. Mpigaji alilipwa na tukaandikiana karatasi: rekodi hii itumike kwenye websaiti ya nyumba hii, sio kwenye matangazo ya redio, sio kuuzwa, na jina lake liwepo chini ya ukurasa.


NyuziZaDarajani

Hapo umenipoza moyo. Hiyo karatasi kila mtu aifanye, hata ikiwa nusu ukurasa. Na watu wajue ukisema "nimeununua wimbo" kwenye apu, umenunua kuusikiliza wewe. Kuuweka hadharani ni ruhusa nyingine.


DadaWaMakumbusho

Na nyimbo za zamani je? Kwa mfano santuri za kina Siti binti Saad, zile zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, karibu miaka mia. Nina blogu ndogo ya historia ya taarab ningependa mtu akisoma habari zake asikie sauti yake kwa mbali. Nayo ina tatizo?


NyuziZaDarajani

Dada hongera kwa blogu, hao ndo bibi zetu. Ila umri wa santuri peke yake usikupe uhakika. Wimbo una mtunzi wa maneno, una aliyetia sauti, una rekodi yenyewe, na kila kimoja kina haki yake. Halafu hiyo unayoikuta mtandaoni mara nyingi kuna mtu kaisafisha na kuitoa upya kwenye CD, naye ana lake la kudai. Kwa huku kwetu waulize COSOZA, wale wa hakimiliki, kwa bara ni COSOTA, sheria yao ni ile namba 7 ya mwaka 1999. Nenda na jina la santuri mkononi uulize. Ukiona mlolongo mrefu, tafuta kijana wa Dhow Countries Music Academy au kikundi chochote akupigie mtindo ule ule kwa utunzi mpya.


FundiKurasa

Naongezea kwa asiye na hela ya kumlipa mpigaji. Kuna muziki wenye leseni za Creative Commons. CC0 tumia utakavyo. CC BY tumia ila andika jina la mtunzi na leseni, na watu wengi hapo kwenye kuandika jina ndo wanaruka, wanajikuta wamevunja leseni ya kitu cha bure. Ikiwa na NC maana yake si ya biashara, nyumba ya wageni na mkahawa haviruhusiwi hapo.


PwaniKibokoni

Nimerudi. Imetoka MB 40 hadi 1.8 na ukurasa wafunguka vizuri. Swali moja la mwisho, wimbo ukiisha ukitaka kurudia kuna kituo kidogo, kama mtu kakata pumzi, halafu ndio waanza tena. Nimekata mwanzo na mwisho kwa makini lakini bado.


FundiKurasa

Hicho si kosa lako kaka. MP3 ikitengenezwa inaongezewa ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, ndo jinsi ilivyo, ukirudia unausikia. Usipigane nao. Fifisha sekunde nne za mwisho mpaka kimya, na mwanzo uingie taratibu kwa sekunde mbili. Hapo ule ukimya unazama ndani ya ukimya wako na sikio linaona wimbo umepumzika.


KioMasikio

Habari wote. Mimi sioni, natumia simu kwa kusomewa na TalkBack. Nimesoma uzi wote, nashukuru kuna mtu amefikiria kutoa autoplay. Nieleze kidogo upande wetu. Mimi ukurasa nausikia. Muziki ukianza wenyewe unakaa juu ya sauti inayonisomea, na ili niuzime natakiwa nikitafute kitufe, na ili nikitafute natakiwa niisikie ile sauti iliyofunikwa. Unabaki unapapasa kioo mpaka unakata tamaa. Miongozo ya WCAG, ile ya kufanya websaiti zitumike na watu wenye ulemavu, inalisema wazi, sauti ikijianzisha yenyewe na ikapita sekunde 3 lazima pawe na njia ya kuizima au kuipunguza.

Mkuu FundiKurasa ukinitumia linki ya hiyo nyumba kwa inbox nitaijaribu.


FundiKurasa

Nimekutumia. Tafadhali niambie chochote utakachokikuta.


KioMasikio

Nimepita ukurasa mzima. Majina ya vyumba yanasomeka, bei zinasomeka. Nikafika mahali simu inasema "kitufe", basi. Haisemi cha nini. Nikaogopa kubonyeza nisije nikawa nimelipia chumba.


FundiKurasa

Ndicho chenyewe, kile cha duara. Niliweka picha ya ganuni tu bila maandishi, nikaona inajieleza. Kwa anayeona. Samahani sana na asante, nakirekebisha sasa hivi, naweka aria-label, maandishi yasiyoonekana ila simu inayasoma, kikiwa kimezimwa kiseme "Washa muziki" na kikiwa kinaimba kibadilike kiseme "Zima muziki". Nipe dakika kumi.

Tayari, jaribu tena.


KioMasikio

Sasa inasema "Washa muziki, kitufe". Nimegonga mara mbili, umeanza chini kabisa, sauti inayonisomea naisikia vizuri juu yake. Nikarudi pale pale ikasema "Zima muziki". Sijauzima bado. Huyo kunguru nimemsikia.